Chumba Juu ya Tela

Moroni, 15 Mfungo Sita 1399
(12 Februari 1979)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeitandika ardhi wakaikaa waja wake, na ajuaye mahali pa kila kiumbe pa kulala na pa kuamkia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake.

Kwa dada yangu mheshimiwa, Bibi Zaïnati, aliye katika nyumba ya mama yetu, Mutsamudu. Salamu zangu zikufikie wewe, na mwanao Mouzdalifa, na mumewe Salimou, na wajukuu, ambao nadhani hawakupi nafasi ya kuisoma barua hii kwa utulivu. Nakuandikia Kiswahili kama marehemu baba alivyotuzoesha aliporudi kutoka Unguja, nami bado nauona mkono wake katika herufi zako.

Sisi huku tu wazima. Binti yangu Moina amekamilishiwa ndoa yake kubwa mwezi uliopita. Wakumbuka kwamba nikahi ilifungwa zamani, lakini sherehe za ada zilikuwa zimekatazwa na serikali iliyoondoka. Sasa zimeruhusiwa tena, na mumewe Abdoulkarim ameingizwa nyumbani kwa kaswida na ngoma, mbele ya mji mzima. Kabla ya hapo alikuwa akija na kuondoka. Sasa ndiye bwana wa nyumba. Nilitamani mke wangu Saoudat angaliiona siku ile. Mungu amnurishie kaburi lake.

Ama baada ya hayo, nakuarifu kwamba nimenuia kuzunguka vijiji kusomesha, maana kuna misikiti huko ambayo haijapata mwalimu tangu miaka ile ya vurugu. Shida ni malazi. Nikifika kijijini, mtu huhama kitandani pake ili nilale mimi, na mara nyingi mtu huyo ni ajuza. Jambo hili linanielemea. Basi nimemwomba Youssoufa, jirani yetu mwenye pikapu ya kubebea saruji, aniachie tela lake bovu lililo uani kwake. Juu ya tela hilo nataka kuweka chumba kidogo cha mbao, cha kulala mtu mmoja na vitabu vyake.

Sitaki kiwe sanduku zima lililopigiliwa misumari. Nataka kiwe cha vipande: sakafu, kuta na dari, kila kipande kiweze kubebwa na watu wawili, vikikutanishwa kwa bolti na kufunguliwa kwa spana. Hivyo, barabara ikiwa mbaya kwa tela, vipande vilevile vitapandishwa nyuma ya pikapu. Na ubao mmoja ukioza, nitabadilisha huo tu bila kuigusa mingine. Seremala Mdahoma ameniambia kwamba tangu azaliwe hajaona nyumba ya kufungwa kama kitanda. Nilimjibu kwamba kitanda ni nyumba ya kutosha kwa mtu mmoja. Alicheka, akaniuliza kama nitaweka na ghorofa.

Niombee dua. Ndugu yako, Saïndou.


Mutsamudu, 11 Mfungo Saba 1399
(10 Machi 1979)

Sifa zote ni za Mola mlezi, na salamu kwa Mtume wake mwaminifu.

Kwa mdogo wangu, Mwalimu Saïndou. Barua yako imefika, nimeibusu, nimeisoma. Mouzdalifa na watoto ni wazima wa afya, namshukuru Mungu kwa hilo kila swala. Mimi magoti yananisumbua katika ngazi za vichochoro vyetu, lakini nafika kisimani na kurudi. Mvua imeng'oa chokaa ya ukuta wa kaskazini. Jirani yangu wa mlango wa pili amefariki, tumemzika Jumatatu.

Nimefurahi kwa harusi ya Moina. Kwa chumba chako sijui nifurahi au nisikitike, lakini kwa kuwa umeniandikia mambo ya mbao, nitakujibu mambo ya mbao. Mtu akilala hutoa mvuke mwingi. Chumba kidogo kilichofungwa sawasawa kitakulowesha kwa pumzi yako mwenyewe, na vitabu vitavimba. Toboa matundu chini ya ukuta mmoja na juu ya ukuta unaoelekeana nao, uyafunike kwa wavu, ili hewa iingie kwa huku na kutokea kwa kule. Tena usiweke godoro juu ya sakafu tupu. Liinue kwa fito.

Nakutumia pazia la mlango kwa mkono wa nahodha. Nimelishona kwa turubai na kulitia bitana ya kanga. Nimepata nafasi nyingi ya kushona mwezi huu.

Umeniambia utalala wapi ukiwa kijijini. Hukuniambia unalala wapi ukiwa Moroni.

Dada yako, Zaïnati.


Moroni, 25 Mfungo Nane 1399
(22 Aprili 1979)

Namhimidi Mungu aliyemfunza mwanadamu asilolijua, na aliyemfunza Nuhu kuunganisha mbao.

Dada yangu mpenzi, natumaini magoti yamepata nafuu. Wape salamu wajukuu. Nikiufikiria ukumbi wa mama na kelele zao, hufurahi peke yangu. Hapa Moina ana mimba, Mungu amjalie salama. Abdoulkarim ni kijana mwenye adabu kupita kiasi.

Pazia limefika, na limekwisha kupata kazi, kwa sababu chumba kimesimama. Nitakueleza kilivyo, ukione ulipo.

Sakafu ni mbao mbili za plaiwudi juu ya fremu ya mvule, zikikutana katikati. Kuta nne zimepanda juu yake na kushikwa kwa bolti ndefu zilizopita katika vyuma vya pembeni. Dari ina mteremko wa kwenda nyuma, nayo imevikwa bati. Kila kipande nimekiandikia herufi: ukuta wa mbele ni alifu, wa kulia ni bee, wa kushoto ni tee, na kadhalika, ili hata asiyejua useremala aweze kukisimamisha mradi amepita chuoni. Kitanda kinakunjwa ukutani kwa bawaba, na kikikunjwa upande wake wa chini huwa ubao wa kuandikia. Rafu ya vitabu ina kizuizi mbele, visimwagike njiani.

Makosa yamekuwa mengi. Tulipokisimamisha mara ya kwanza, mvua ilipenya kila mahali ambapo vipande vinakutana. Mdahoma alitaka kuziba kwa lami, nikakataa, maana kilichozibwa kwa lami hakifunguki tena. Tulikata mpira wa ndani wa tairi kuukuu, tukautandaza kama utepe baina ya vipande, na bolti zikikazwa mpira hubanwa, na maji hayaingii. Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Niliweka vitabu vyote nyuma, karibu na mlango, nipate kuvifikia. Tulipotoka kwenda Ntsoudjini tela lilianza kutikisa mkia, hata Youssoufa akasimama akishika kichwa. Aliniambia, “Mwalimu, elimu yako ni nzito, isogeze mbele.” Tukavihamishia mbele ya magurudumu, tela likatulia.

Matundu yako ya hewa nimeyatoboa. Bila hayo ningaliharibikiwa na msahafu wa baba.

Nikiwa ndani na mlango umefungwa, naweza kugusa kuta mbili kwa wakati mmoja. Hakuna anayepita. Hakuna ninayempisha.

Umeniuliza ninalala wapi. Nalala salama, alhamdulillahi.

Ndugu yako, Saïndou.


Mutsamudu, 8 Rajabu 1399
(3 Juni 1979)

Kwa jina la Mungu ajuaye ya wazi na ya siri.

Mdogo wangu Saïndou, salamu na dua. Usidhani nimekusahau. Chombo kilikaa matengenezoni, na baada ya hapo mimi mwenyewe nilikaa na kalamu siku nyingi bila kuandika. Mouzdalifa na watoto ni wazima.

Amepita hapa Bibi Nafissa, aliyekuja kuhani msiba. Nyumba ya dada yake iko karibu na ua wa Youssoufa. Amenisimulia kwamba tela lipo pale, na kwamba taa huwaka ndani yake hata wiki ambazo huendi kijiji chochote.

Nakuuliza mara moja, na sitauliza tena. Nani analala katika chumba cha Saoudat?

Zaïnati.


Moroni, 6 Shaabani 1399
(1 Julai 1979)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Msitiri wa aibu za waja.

Kwa dada yangu mkubwa, aliye mahali pa mama. Salamu kwako na kwa wote waliomo nyumbani mwako. Moina hajambo, mimba yake imeonekana. Bei ya mchele imepanda. Imamu wetu amekwenda Hijazi, nami namshikia nafasi swala za alfajiri.

Nitakujibu. Chumba cha Saoudat kimepakwa chokaa na kupewa maharusi, na hivyo ndivyo ilivyopasa, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Saoudat, na kabla yake ya mama yake, na sasa ni ya Moina. Hakuna aliyeniambia neno. Walinitandikia mkeka mzuri ukumbini, mahali wanapopita wageni. Kila nikiingia Abdoulkarim husimama, hushika kifua, na kusema, “Karibu, baba.” Nimekaa katika nyumba ile miaka thelathini, dada yangu, na sasa nakaribishwa. Ningalipata la kumlaumu ningalipumzika, lakini hana kosa. Basi nikamwambia Moina kwamba safari za vijiji zinataka niwe karibu na vitabu, nikahamia uani kwa Youssoufa.

Sikukuandikia kwa sababu ungeniita, na nyumba yako imejaa.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwezi uliopita tulikuwa tukirudi kutoka kaskazini, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha barabara. Walikuwapo askari vijana wa hapa, na pamoja nao mzungu mmoja miongoni mwa wale mamluki waliokuja mwaka jana. Walitaka kujua kuna nini ndani ya kuta, wakaamuru kifunguliwe. Nilitoa spana. Nikaanza na dari, nikafuata alifu, nikafuata bee, nikaviegemeza kando ya barabara kimoja kimoja, na vitabu juu ya pazia lako. Hawakuvunja kitu. Mzungu aligonga mbao kwa kidole, akatazama mpira ulio kwenye maungio, akatikisa kichwa kama mtu anayeafiki.

Askari mmoja kijana akasema, “Mzee, konokono naye hubeba nyumba yake, lakini hakuikopa kwa mwenye saruji.” Wenzake wakacheka. Kisha akauliza, kwa upole, maana nadhani alihitaji kumfasiria mzungu, “Nyumbani kwako ni wapi?”

Nilikuwa nimesimama baina ya vile vipande. Nilifungua kinywa kutaja nyumba ya Moina na sikuweza kuitaja. Nikanyoosha mkono juu ya mbao zilizolala majanini, nikasema, “Hapa.” Kijana aliacha kucheka. Wakaturuhusu. Nilikifunga chumba tena, Youssoufa akinipokeza bolti moja moja.

Kumbe kijana yule ni mtu wa Ntsoudjini, na mamake ni wa baraza moja na wakwe wa Moina. Ijumaa iliyofuata kulikuwa na harusi, na Moina akaambiwa mbele ya wanawake kwamba amempakia baba yake kwenye tela kama jiwe. Mimi niliyekimbia nisimpe mwanangu tabu, ndiye niliyemtia aibu mjini. Nalifahamu jambo hili sasa. Sikulifahamu nilipokuwa nikipima mbao, ingawa mtoto yeyote wa hapa angaliniambia.

Kesho yake, nilipokuwa nikirudi kutoka swala ya alfajiri, nilimkuta Moina amekaa kwenye kidaraja cha mlango wa tela, na mimba yake, amejitanda shiromani kichwani. Nikamwambia aingie ndani, baridi. Hakuingia. Alikaa palepale mpaka watu wote wakatoka msikitini na kutuona. Ndipo akasema:

“Baba, ningalikufukuza kwa mdomo wangu, wangalinisema mara moja wakanyamaza. Ukilala hapa, wananisema kila asubuhi.”

Nilichukua msahafu, nikamfuata. Nimerudi ukumbini, kwenye mkeka. Chumba kimefungwa uani. Abdoulkarim alinisimamia, akanikaribisha.

Saïndou.


Mutsamudu, 17 Shaabani 1399
(12 Julai 1979)

Kwa jina la Mola ambaye peke yake hukaa bila mwenzi na hapungukiwi.

Mdogo wangu. Barua yako imefika leo na leo najibu, chombo kinaondoka kesho.

Umesema nyumba yangu imejaa. Nyumba yangu haina mtu. Salimou alipata kazi Marseille tangu mwaka jana, na mwezi wa Maulidi Mouzdalifa akamfuata na watoto wote. Nimekuandikia kwamba ni wazima, na kweli ni wazima, barua zao zinasema hivyo. Sikukuandikia wako wapi. Ghorofa ya juu nimeifunga madirisha. Bado napika chungu kilekile, sijui kupika kwa mtu mmoja, na jioni napeleka nusu kwa majirani nikijifanya ni sadaka.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mwanamume mjane akiitwa na dada yake, watu wa Moroni watasema watoto wake wameshindwa kumtunza. Nilinyamaza kwa ajili ya Moina, nawe ulihama kwa ajili ya Moina, na baina yetu tumemponza. Tena niliona haya. Mwanamke wa ukoo wetu hakai katika nyumba tupu. Nilitaka uendelee kuzisikia zile kelele za wajukuu ulizoziandika, maana katika barua yako zilikuwapo.

Sasa nakuita. Chumba ulimozaliwa kina kitanda na kina mlango unaofungwa kwa ndani. Mwonyeshe Moina barua hii. Usimfiche. Atakalosema yeye ndilo tutakalolifuata, kwa sababu ni yeye mwenye kubeba maneno ya watu.

Zaïnati.


Moroni, 28 Shaabani 1399
(23 Julai 1979)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, tunayemwomba atufikishe Ramadhani tukiwa na imani na afya.

Kwa dada yangu Zaïnati, ambaye sasa najua anaisoma barua hii katika nyumba yenye kimya. Sitatuma salamu kwa wengine. Hizi zote ni zako.

Nilimsomea Moina barua yako tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza akiwa amejifunika uso kwa ukingo wa shiromani, akaniomba nirudie mahali pa chungu. Kisha akatoka kwenda kwa mama zake wadogo, nami sikumharakisha.

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka kuswali, alifika uani kwa Youssoufa pamoja na mama zake wadogo na wanawake wa ukoo wa Saoudat. Walibeba mikeka mipya, sinia la chakula, ubani na kufuli. Wakafungua mlango, wakafukiza, wakatandika. Wanaume wakasimama kutazama. Mdahoma alikuwapo, na Youssoufa, na wazee wa baraza. Moina aliweka mkono juu ya ukuta wa chumba, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

“Baba huwajengea binti zake nyumba, ndivyo tulivyo. Baba yangu amenijengea hii. Ni yangu. Nimempa alale humo akienda kusomesha, na akilala kwa shangazi yangu Mutsamudu, amelala kwa ruhusa yangu. Mwenye neno aje aniambie mimi.”

Wazee wakainua mikono, wakasoma Fatiha, kama isomwavyo kwa kila nyumba mpya. Mzee mmoja akanipa mkono na kunipongeza kwa kumjengea mwanangu nyumba ya pili, jambo ambalo wengi hawaliwezi. Mdahoma akanisogelea sikioni: “Mwalimu, umejenga nyumba ukanyang'anywa kabla sijaipaka rangi.”

Nilicheka, dada yangu. Kwa mara ya kwanza tangu Saoudat afariki, nilicheka hadharani.

Hivyo aibu imeondoka. Waliomsema Moina sasa wanamtaja kwa heshima, na mama wa yule askari amempelekea halua. Ramadhani nitafunga hapa, kwa sababu imamu hajarudi na sala ya tarawehe iko juu yangu. Idi ikipita nitapanda chombo nije Mutsamudu, nami nitakaa nawe mpaka Moina atakapojifungua na kunihitaji. Baada ya hapo nitagawa mwaka: vijiji, Moroni, na kwako. Sitaleta mbao. Lakini fungua madirisha ya juu mapema, nyumba iliyofungwa muda mrefu hunuka unyevu.

Nimebakiza neno moja, ambalo siwezi kumwambia Moina, kwa kuwa amenifanyia ihsani kubwa kuliko ninayostahiki. Wanawake walipokwisha kufukiza, alifunga mlango kwa kufuli lake, akanitia ufunguo mkononi, akasema niingie wakati wowote nitakao. Nilimshukuru. Nikasikia jinsi nilivyomshukuru: kwa maneno yaleyale ambayo mgeni humshukuru nayo mwenyeji. Nilizaliwa katika nyumba ya mama, nikaoa katika nyumba ya Saoudat, nikazeeka katika nyumba ya Moina. Lakini baina ya Mfungo Nane na Shaabani, kwa miezi michache na bila mtu kujua, nilikuwa mwanamume mwenye nyumba. Nilikuwa nikiamka, nagusa ukuta huu na ule, na zote mbili zilikuwa zangu. Sikuwa na furaha humo, wala sitakudanganya kwamba nilikuwa nayo. Ila zilikuwa zangu.

Mungu aibariki nyumba uliyomo na paa lake na kizingiti chake. Awalinde Mouzdalifa na watoto ugenini, ampe Moina uzazi mwepesi, amrehemu Saoudat na wazazi wetu. Na kila atakayeusoma mkono huu baada yetu, Mungu asimnyime mahali pa kulaza ubavu, wala mtu wa kumjulia hali asubuhi. Amina.

Ndugu yako, Saïndou.